Mashine ya kwanza ya CNC: anza na ncha ya kisu

Anayetafuta mashine yake ya kwanza ya kuchonga mbao kwa kompyuta, ile ambayo mafundi huiita CNC, huuliza kwanza nguvu ya mota. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana wati huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Mimi ningemshauri aanzie upande wa pili, pale chuma kinapogusana na mbao, kisha arudi nyuma taratibu.

Tuchukue mashine ndogo ya aina ya 3018. Namba hiyo ni kipimo cha eneo la kazi: milimita 300 kwa 180. Tuseme spindo yake, yaani mota inayozungusha kisu, inazunguka mara 10,000 kwa dakika, kisu kina meno mawili, nawe unataka kila jino limege mbao kwa unene wa milimita 0.05. Zidisha: kisu lazima kisogee milimita 1,000 kwa dakika. Kwenye mninga, fremu nyepesi namna hii itaanza kutetemeka, kwa hiyo mwenye mashine hupunguza mwendo hadi 300. Sasa kila jino linamega 0.015 tu. Hapo kisu hakikati tena, kinasugua. Badala ya maranda unapata unga, mbao inaungua kingo, meno yanakuwa butu, na lawama zote anabebeshwa aliyeuza kisu.

Ukifunga spindo kubwa inayozunguka mara 30,000, umeongeza tatizo mara tatu. Dawa ni kisu cha jino moja, kuchonga kwa kina kidogo na kuteremsha mizunguko. Ndiyo maana fedha ya kwanza naiweka kwenye visu vya kabaidi: vichache, lakini vizuri. Kisu kinachovuta maranda juu husafisha mfereji ila huchana uso wa plaiwudi. Kinachosukuma chini huacha uso safi, lakini maranda hubanana ndani. Kwa kuandika majina kwenye vibao, tafuta chenye ncha ya umbo la V.

Visu vingi vya mashine hizi vina shina la milimita 3.175, yaani thumuni ya inchi. Nunua koleti, yaani kibanio kinachoshika shina hilo kwenye spindo, ya kipimo hichohicho. Ya kubahatisha itafanya kisu kiyumbe. Na koleti ya aina ya ER11 hutiwa kwanza ndani ya nati yake hadi isikike ikibana, ndipo nati ifungwe kwenye spindo. Wengi hufanya kinyume.

Kushika mbao hakuhitaji gharama. Weka ubao wa kafara wa MDF mezani, uusawazishe kwa mashine yenyewe, kisha ufunge kazi kwa klampu. Kipande chembamba kibandike hivi: selotepu ya karatasi juu ya meza, nyingine chini ya kipande, na supaglu katikati.

Kwenye fremu, kabla ya kulipa, shika kichwa cha spindo ukitikise. Kikicheza, hakuna programu itakayokiponya. Skrubu inayosogeza mhimili nayo ikiwa na plei, duara litatoka na bapa pale mhimili unapogeuza mwelekeo. Nati yenye springi huondoa sehemu kubwa ya kasoro hiyo kwa bei ndogo.

Vumbi silifanyii mzaha. Mwaka 1995 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, uliliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na MDF ina gundi yenye fomaldehidi. Bomba la kunyonya vumbi likae karibu kabisa na kisu, na barakoa iwe ya vumbi laini, kitambaa hakitoshi.

Kuna kitu kingine ambacho wanunuzi hukiona kama pambo: swichi za mwisho wa mhimili. Mashine nyingi ndogo huendeshwa na Grbl, programu huria iliyoanza mwaka 2009. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na kwetu hukatika, Grbl haijui tena kisu kiko wapi. Swichi zikiwepo, unairudisha mashine kwenye pembe yake, nayo inapata tena vipimo vyake, nawe unaendelea na mbao ileile. Zisipokuwepo, unabaki kukisia kwa jicho. Zinunue kabla ya kifaa cha leza, pamoja na kitufe chekundu cha dharura kinachokata umeme wa spindo yenyewe, si cha kuiambia kompyuta tu isimame.