Shamba la Ndoo kwa Watu wa Visiwani

Tangu mwaka 1972, ilipotangazwa kule Iringa kwamba siasa ni kilimo, mkulima wetu amehesabiwa kwa ekari. Mwenye ndoo hakuhesabiwa. Lakini wakazi wa Bumbire, Goziba na Ikuza wazipate wapi hizo ekari? Penye mwalo nyumba zimebanana, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hatusemi sheria hiyo ilegezwe. Twasema tu kwamba ndoo iliyo ndani ya nyumba haimmomonyolei mtu ufuko.

Mmea tunaoufikiria ni stroberi. Huko Buhembe, mwenye kibanja cha migomba nyuma ya nyumba ataiona kuwa ni starehe. Kwa mtu wa Goziba ndoo ndiyo shamba lenyewe. Stroberi ni mmea mfupi, mizizi yake haiendi chini sana. Ndoo ya lita kumi iliyotobolewa kitakoni, yenye udongo tifutifu na samadi iliyooza, huutosha. Pale majani yanapochipukia pasifukiwe, maana pakifukiwa huoza. Ndoo ikae penye dirisha lipatalo jua saa sita au zaidi kwa siku. Nyumba yenye kidirisha cha kutolea moshi tu haifai, afadhali baraza.

Ndani ya nyumba nyuki haji. Kwa hiyo mwenye mmea hana budi kuifanya kazi ya nyuki mwenyewe, kwa kupitisha unyoya laini wa kuku juu ya ua baada ya ua. Ua lisiloenea chavua hutoa tunda lililopinda. Likienea, huiva baada ya mwezi mmoja hivi. Nasi tulio karibu na Ikweta, ambako mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, hatufungwi na majira kama wakulima wa Ulaya.

Kwa nini tunda hili, wala si jingine? Kwa sababu halivumilii safari. Stroberi iliyoiva Lushoto huharibika kabla haijavuka ziwa, ilhali gramu 100 zake zina karibu miligramu 60 za vitamini C, zaidi kidogo ya chungwa. Mtoto wa mvuvi ataila mbichi tu ikiwa imeota kwao.

Kinachokosekana ni miche safi. Mmea mama hutoa vikonyo vitambaavyo, na kila kimoja huota mizizi na kuwa mche. Lakini mama akiwa mgonjwa, watoto huurithi ugonjwa. Kituo cha utafiti cha Maruku, kilichojijengea jina kwa migomba, hakiko mbali na Buhembe. Waheshimiwa wa Manispaa ya Bukoba na Wilaya ya Muleba wanaweza kukubaliana nacho juu ya kitalu kimoja kidogo, na bwana shamba apandaye boti kwenda visiwani achukue miche pamoja na fomu zake.