Tiketi mkononi, lango limefungwa

WASHINGTON, Januari 20, 2009: adhuhuri ile baridi ilikuwa nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.8 walifurika National Mall kushuhudia Barack Obama, mwana wa Mjaluo wa Kenya, akiapishwa kuwa Rais wa Marekani. Wengi hawakuwa na tiketi. Walifika kabla ya kupambazuka, wakamtazama kwenye skrini kubwa.

Ajabu ni waliokuwa nazo. Maelfu wenye tiketi za zambarau walipanga foleni ndani ya handaki la barabara ya Third Street. Saa zikapita, lango halikufunguka, Obama akaapa wao wakingali chini ya ardhi. Mfanyabiashara aliyewahi kukwama mpakani na makaratasi yake kamili anawaelewa.

Kamati ya sherehe ikaomba radhi, ikaahidi kuwatumia kadi za mwaliko na picha za Rais.