Koroboi na Fanusi: Mgeni wa Kiamaiko katika Maandamano ya Taa Ujerumani

Makala haya yanafafanua sherehe ya watoto iitwayo Laternenumzug, yaani maandamano ya taa, na namna inavyoweza kumgusa mgeni aliyekulia Kiamaiko, Nairobi. Suala lenyewe si la mbali: Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vya Bayreuth, Leipzig na Köln, na Wakenya waliokwenda huko kusoma au kufundisha si haba.

Sherehe hufanyika jioni ya tarehe 11 Novemba au siku zinazoikaribia. Watoto, aghalabu wa chekechea, hubeba taa za karatasi za rangi walizoziunda wenyewe, zikining'inia vijitini, na kupita mitaani wakiimba. Katika eneo la mto Rhein hutanguliwa mara nyingi na mpanda farasi mwenye joho jekundu. Huyo huwakilisha Martin wa Tours, askari wa Kirumi wa karne ya 4. Yasimuliwa kwamba penye lango la Amiens, wakati wa baridi kali, alimkuta maskini asiye na nguo, akalikata joho lake kwa upanga na kumpa nusu. Hatimaye alikuwa askofu, akafariki mwaka 397, akazikwa tarehe 11 Novemba. Kwa watu wazima siku hiyo ni ya bata bukini wa kuchoma. Hapo mtu wa Kiamaiko, mtaa uvumao kwa soko na machinjio ya mbuzi, hahitaji mkalimani.

Ugumu uko kwenye taa. Aliyedurusu kwa koroboi anajua masizi puani na macho yanayowasha. Kwake taa ya mkononi ni dalili ya umeme uliokatika au usiokuwapo kabisa. Kumwona mtoto akiitembeza kwa furaha katika barabara yenye umeme tele kwaweza kumshangaza, pengine kumuudhi. Lakini katikati ya Novemba jua la Köln huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, ilhali la Nairobi halitui kabla ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Giza hilo la mapema ndilo watoto hao wanalolichezea.

Je, taa hiyo iitweje kwa Kiswahili? 'Koroboi' haifai. 'Kandili' imepitia Kiarabu, na asili yake ni Kilatini. 'Fanusi' yaelekea kufaa zaidi, kwani watoto wa Kairo hubeba fanusi wakati wa Ramadhani, na Waislamu wa Kiamaiko, wengi wao wenye asili ya kaskazini mwa Kenya, hawataliona neno hilo kuwa la kanisani tu. Baadhi ya chekechea za Ujerumani zenye watoto wa dini mbalimbali huiita sherehe hii sikukuu ya taa, bila kumtaja Martin. Wapo wanaolalamika, na malalamiko yao yana uzito: pasipo joho lililokatwa, hubaki matembezi ya jioni tu.

Mahali pengine maandamano huishia kwenye moto mkubwa, watoto wakapewa mikate mitamu. Desturi ni kuukata mkate nusu na kumpa aliyesimama karibu, awe mwenyeji au mgeni.