Neno Moja Laweza Kuvunja Kikundi



Hapa Kangemi mara nyingi tunaombwa kusoma barua za vikundi kabla hazijatumwa. Siku moja katibu alituletea barua ya mama aliyekuwa nyuma kwa michango ya miezi miwili. Ilisema: "Umekataa kulipa." Tukamwuliza, "Kwani alikataa?" Akajibu, "La, hajalipa tu." Kumbe mama yule alikuwa akiuguza mtoto.

Hebu linganisheni: "hujalipa", "umekataa kulipa", "unakula pesa za wenzako". Deni ni lile lile. Lakini la kwanza laeleza jambo, la pili lashtaki, la tatu lamwita mtu mwizi. Akisoma la kwanza, atakuja mkutanoni aeleze shida yake. Akisoma la tatu harudi tena, na deni lapotea pamoja naye.

Basi neno lina maana, tena lina ladha, na ladha hiyo hubadilika na miaka. Zamani tuliandika "kipofu", "kiziwi" na "kiwete" bila kufikiri. Maneno hayo yanaanza kama kiti na kisu, na baadhi ya wanaoitwa hivyo huona wamefanywa vitu. Siku hizi twaandika "mtu asiyeona" au "mtu mwenye ulemavu". Mtu atangulia. Tena si adabu tu: Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Vivyo hivyo na ombi la msaada. Ukiandika "machokoraa", msomaji anaona takataka zinazochokorwa. Ukiandika "watoto wanaolala nje", anaona watoto, na baridi ya usiku.

Lakini tusipake sukari pia. Mweka hazina akichukua pesa za kikundi, msiandike "pesa zimepotea". Pesa hazina miguu. Andikeni: "Mweka hazina alichukua pesa bila ruhusa," mtaje na kiasi. Neno zuri linaloficha ukweli lavunja kikundi sawa na tusi.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma barua, mmoja aisome kwa sauti mbele ya wenzake. Halafu kila mtu ajiulize: kama jina lililo hapo juu lingekuwa langu, ningekuja mkutanoni?