Machale ya Muuguzi

Saa nane za usiku, zahanati ya mlimani huko Mgeta. Mama amejifungua salama, kondo la nyuma limetoka lote, mtoto ananyonya. Presha 110 kwa 70, damu inayoonekana ni kidogo. Kwenye faili hana tatizo. Ila muuguzi mzoefu hatulii: anamgusa mama mkono, anaondoka, anarudi. Ukimuuliza kaona nini, atakwambia tu, "Huyu mama hanipendezi."

Machale yamemcheza. Wapo wanaodhani ni kipaji cha kuzaliwa nacho, au kaushirikina fulani. Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, alieleza ngazi tano ambazo muuguzi hupanda, kuanzia mgeni wa kazi hadi bingwa. Mgeni hufuata kanuni moja baada ya nyingine. Bingwa huiona hali nzima kwa mkupuo, kwa kuwa ameshahudumia wengi. Anajua kabla hajapata maneno ya kueleza anachokijua.

Tumsaidie maneno. Mama ameomba maji mara mbili. Anapiga miayo, anajigeuzageuza, shuka halikai. Viganja vya baridi. Mgeni angeisingizia hali ya hewa, maana Mgeta baridi ni jambo la kila siku; lakini baridi ya mlimani haimtoi mtu jasho, na viganja hivi vina jasho.

Damu ikipungua, mwili hubana mishipa ya mikono na miguu ili moyo na ubongo visikose, na moyo huongeza mbio. Kwa hiyo kwa mama kijana presha hudanganya: hukaa vizuri hadi damu nyingi imeshapotea, kisha huporomoka. Muuguzi anashika mkono, anahesabu mapigo dakika nzima: 118. Yameipita namba ya juu ya presha. Anaminya tumbo, mfuko wa uzazi umelegea, na damu imejikusanya ndani. Anausugua, anachoma oksitosini, anatundika dripu, anamwamsha dereva.

Kwa nini asisubiri presha ishuke? Kwa sababu kutoka Mgeta hadi Sangasanga, unakoikuta barabara kuu ya kwenda Morogoro mjini, ni mteremko wa kona tupu, na masika utelezi wake haubembelezi gari.

Hata hivyo, machale hayaaminiki kila mahali. Kwenye kukadiria damu, macho yetu ni mabovu: nyingine imenywewa na kanga, nyingine iko sakafuni. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama. Ulipotumika, waliovuja damu kupita kiasi waligunduliwa kwa asilimia 93. Kwa utaratibu wa kawaida, 51 tu.

Tena kuna machale bandia, na haya ndiyo ninayoyaogopa zaidi. "Huyu binti anadeka tu" nalo huja kwa kasi ileile, na kwa uhakika uleule. Tofauti yake ni kwamba machale ya kweli humsogeza muuguzi kitandani akapime. Haya bandia humrudisha kwenye kiti.

Fomu za zamu hazina kisanduku cha "hanipendezi". Wanaoijua kazi huandika pembeni, kwa kalamu: kiu, miayo, jasho la baridi, saa 8:20.