Waifai ya Ghorofani Huanza Kabla ya Plasta

Rubona ni bandari ndogo ya Wilaya ya Rubavu, Rwanda, kusini kidogo mwa mji wa Gisenyi. Wengi huijua kwa kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa 1957, na kwa wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza. Mwenye nyumba ya wageni hapa anauza Ziwa Kivu, lakini mgeni anayelipia chumba cha juu anataka pia kuzungumza na nyumbani kwa video.

Hapo ndipo mteremko unapoleta gharama. Jengo linapanda na kilima, mapokezi yako chini, ruta moja iko mezani kwa karani, na kati yake na mgeni kuna slabu mbili za zege. Rubavu wanajenga pia kwa mawe ya volkeno, kuta nene kwelikweli. Tena mitetemeko iliyofuata mlipuko wa volkeno ya Nyiragongo, Mei 2021, ilipasua nyumba nyingi. Anayejenga sasa ana kila sababu ya kuongeza nondo. Nondo hizo zinazookoa maisha huzuia mawimbi. Desibeli 10 zikipotea, nguvu inayobaki ni sehemu moja ya kumi, na slabu yenye nondo inaweza kula zaidi ya hizo.

Wenye nyumba wengi hukimbilia kununua ruta yenye nguvu zaidi. Ni fedha ya kutupa, kwa maoni yangu. Ruta ikipaza sauti, simu ya mgeni haina nguvu ya kuijibu. Vifaa vya kawaida vya waifai, kila ghorofa na vyake, ndivyo vinavyofaa, navyo visipangwe kimoja juu ya kingine: cha ghorofa ya kwanza kikiwa upande wa ziwa, cha pili kiwe upande wa kilima. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu kwa kawaida, yaani 1, 6 na 11, kwa hiyo vifaa vya juu na chini vipewe chaneli tofauti. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi, ila hupenya ukuta kwa shida.

Kila kifaa kinahitaji waya wake: waya mmoja wa mtandao hubeba data na umeme hadi mita 100, na bomba lake ni rahisi kulilaza ukuta ukiwa wazi. Baadaye ni kuvunja vigae na kufunga vyumba ambavyo vingeingiza fedha.

Unayejenga Rubona mwaka huu, mwite fundi wa mtandao apime kila ghorofa kabla hujamwita fundi wa plasta.