Swichi na Foleni ya Kasumbalesa

Dereva anayetoa shaba Kolwezi anaijua foleni. Akifika Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, anaweza kulala siku kadhaa nyuma ya malori ya wenzake. Ambulensi ikija, hupishwa. Swichi ya mtandao, lile sanduku lenye matundu ya kebo, haina ambulensi mpaka uielekeze: aliyewahi kufika ndiye anayetoka kwanza.

Tuseme ni ofisi ya Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines, hukohuko Kolwezi. Kuna kompyuta sita, simu mbili za mezani zinazopitia intaneti, na tundu moja la kutokea nje lililobanwa kwenye megabiti 2 kwa sekunde. Mmoja anapandisha video. Pakiti yake moja, yaani kipande kimoja cha data, ina baiti 1,500, na kwa kasi hiyo inachukua milisekunde 6 kutoka. Zikitangulia 50, sauti yako itasubiri milisekunde 300. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linapendekeza sauti isizidi 150 kwa safari nzima ya upande mmoja. Ndipo mnapoanza kusema kwa pamoja, kila mtu "alo, alo", halafu wote kimya.

Dawa ni kuzipanga pakiti kwa madaraja pale zinapoingia. Swichi inaweza kuangalia tundu zilikopitia, anwani zilikotoka, au alama zilizobeba. Alama ya 802.1p ina biti 3, yaani ngazi 0 hadi 7 (cha ajabu, kwa desturi ngazi ya 1 iko chini ya 0). Alama nyingine, DSCP, iliyowekwa mwaka 1998, ina biti 6, yaani thamani 64. Sauti kwa kawaida hupewa 46. Kila daraja huwekwa kwenye foleni yake. Ya sauti humalizwa kwanza, nyingine hupeana zamu.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanaiamini kila alama. Kompyuta yoyote inaweza kujibandika 46, kama lori la mchanga lililofungwa king'ora. Amini tundu la simu peke yake; kwingine kote futa alama, andika 0. Foleni ya sauti nayo iwekee kikomo, maana isipokuwa nacho inaweza kuzinyima nyingine zamu kabisa. Na usitumie ngazi zote nane eti kwa sababu zipo. Kwa ofisi kama hii, mimi naweka tatu: sauti, kazi, na mengineyo. Filamu ziende kwenye mengineyo.

Kupanga huku hakuongezi hata biti moja ya kasi, wala hakufupishi njia. Kama intaneti yako inatoka kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, sauti itachukua karibu milisekunde 250 kupanda na kushuka, hata foleni ikiwa tupu.